Mlima wa Mpakani na Maji Yasiyo na Mkoa

Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amebana debe tupu katikati ya magoti, na kila gari lilipokata kona debe lilimgonga kidevuni. Hakulalamika. Tulipofika mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni hewa tupu, alinyoosha mkono dirishani, akaonyesha korongo la mto Chimala huko chini, akauliza bila kumwangalia mtu:

"Hayo maji ni ya mkoa gani?"

Konda ndiye aliyewahi. "Ya Mbeya, mzee wangu. Si mto Chimala huo? Na Chimala ni Mbeya."

"Yanatoka wapi?"

"Huko juu."

"Na huko juu ni wapi?"

Konda akakuna kichwa. Mama mmoja wa siti ya nyuma akadakia: "Huko juu ni kwetu Uwanji, mkoa wa Njombe. Sisi tunayashusha, nyie mnapikia wali!" Gari zima likacheka, dereva akiwemo, jambo ambalo kwenye barabara ile si zuri sana.

Mzee hakucheka. Alishuka Matamba, akabeba debe lake, akaenda zake. Swali akaniachia mimi, na wiki zimepita bado ninalo.

Ukuta

Wanaoijua Hamsini na Saba hawahitaji maelezo. Kwa wageni: ni barabara inayoachana na lami ya Tanzania na Zambia pale Chimala na kupanda mlima hadi Matamba, na jina lake ni idadi ya kona zake. Chini unaacha joto la Usangu, miembe na pikipiki zilizobeba mchele. Juu unatafuta sweta. Katikati ya hapo unatoka wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, unaingia wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe.

Katikati wapi hasa? Hapo kila abiria ana kona yake. Mke wangu, ambaye kwao ni Uwanji, anasema mkoa wa Njombe unaanzia pale baridi inapokupiga masikioni. Nimeishi naye miaka ya kutosha kujua kwamba hilo si jambo la kubishania.

Mimi nilikuwa na jibu langu la darasani. Tulifundishwa kwamba mipaka mingi ya milimani hufuata mgongo wa mlima, kwa sababu mgongo ndio unaogawa maji. Upande huu yanakwenda kwenu, upande ule yanakuja kwetu, kila mtu na mto wake. Nikadhani basi ukuta ule ndio mgongo, na mzee angejibiwa kwa sentensi moja.

Niliporudi nyumbani nikafungua ramani.

Ramani haikubali

Ukipanda Hamsini na Saba hadi juu, hufiki kwenye kilele. Unafika mlangoni. Mbele yako ardhi inaendelea kupanda taratibu, mashamba ya viazi, vijiji, mashamba tena, hadi uwanda wa Kitulo wenye mwinuko wa kama mita 2,600. Pembeni yake kuna Mtorwi, ambao kwa vipimo vinavyotajwa mara nyingi una mita 2,961. (Rungwe hutajwa kuwa na mita 2,960. Kwa mita hiyo moja nimeona watu wazima wa Mbeya na wa Njombe wakinuniana kwenye harusi.)

Kwa hiyo mstari wa mikoa haupiti mgongoni. Unapita ubavuni, kwenye ukuta. Mgongo wenyewe, ule unaogawa maji, uko ndani zaidi, katika nyasi za Kitulo, mahali ambapo ng'ombe anaweza kuuvuka akiwa anacheua.

Mvua inayonyesha kaskazini mwa nyasi zile inashuka kwa mito kama Chimala na Kimani, inavuka mpaka wa mkoa pale ukutani, inaingia tambarare ya Usangu, inakutana na Ruaha Mkuu, inapita kinamasi cha Ihefu, Hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi Rufiji na bahari. Mvua inayonyesha kusini inateremkia Ziwa Nyasa, inatoka na mto Shire huko Malawi, inaingia Zambezi na kumalizikia baharini Msumbiji. Na ukirudi upande wa jiji la Mbeya, nyuma ya milima kuna mto Songwe unaokwenda Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Huo si Songwe ule wa mpakani na Malawi. Ni mito miwili, jina moja, na inakwenda pande tofauti kabisa. Aliyeibatiza hakuwafikiria wanafunzi.

Mabonde matatu yanakutana katika eneo ambalo mtu mwenye gari zuri anaweza kulizunguka kwa siku moja. Na serikali inalijua hilo vizuri. Maji ya nchi hii yamegawiwa katika mabonde tisa, na mikoa haikuzingatiwa: bodi ya bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Mkulima wa Mbarali anayetaka kibali cha maji anakwenda bodi ya Iringa, si Mbeya aliko mkuu wake wa mkoa, na si Njombe maji yanakotoka.

Konda alikosea, na yule mama naye pia. Lakini jibu la "ni ya bonde la Rufiji" silipendi. Ni jibu la ofisini. Mzee wa debe hakuwa anauliza ofisi.

Chokaa ya Songwe

Kilichonigeuza mawazo sikukipata Makete. Nilikipata upande wa pili kabisa, eneo la Songwe, nje kidogo ya Mbalizi, nilipowapeleka wapwa zangu kuyaona mapango ya popo.

Wenyeji wa Mbeya tunaijua Songwe kwa saruji. Kiwanda kiko pale kwa sababu mawe ya chokaa yako pale, na mawe ya chokaa yako pale kwa sababu ya chemchemi za maji ya moto. Maji yanapanda kutoka chini sana, yakiwa yameyeyusha chokaa na kubeba gesi ya kaboni. Yakifika juu, gesi inatoroka, chokaa inabaki, utando juu ya utando, hadi tabaka nyembamba kama karatasi zinageuka kuwa mwamba wa kupasuliwa kwa baruti. Kwingine chokaa hutokana na makombe na matumbawe ya bahari za kale, kama ile ya mapango ya Amboni kule Tanga. Ya kwetu imepikwa na maji ya moto, bondeni, mbali na bahari yoyote.

Mpwa wangu mdogo aliuliza pango limechimbwa na nani. Nikamwambia maji. Akaangalia sakafu kavu, yenye vumbi na mavi ya popo, akaniangalia mimi kama mtu anayedanganywa.

Lakini ndivyo lilivyo jiwe hilo. Mvua ikishuka hewani huchukua gesi ya kaboni kidogo na kuwa na ukali mdogo sana, usioweza kuusikia ulimini, ila chokaa inausikia. Ufa unapanuka, unakuwa tundu, tundu linakuwa njia. Ukienda kwenye mlima mrefu wa chokaa, huko duniani ambako ipo, unaweza kukuta juu hakuna kijito hata kimoja, hata baada ya mvua kubwa. Maji yamezama. Yatatokea chini kwenye chemchemi, na si lazima iwe upande yalikonyeshea. Yanaweza kupita chini ya mgongo wa mlima na kuibukia kwa majirani. Wataalamu wakitaka kujua yanakoelekea humwaga rangi kwenye shimo la juu, kisha huzunguka chemchemi zote za chini kuvizia itakapotokea rangi.

Hebu fikiria mlima wa namna hiyo uwe mpakani mwa mikoa miwili. Mpaka umewekwa mgongoni kwa nia njema, juu ya ardhi, na chini yake maji yanavuka bila kubisha hodi. Mkoa mmoja unachafua, mwingine unakunywa, na wote wawili wanaweza kuapa kwamba hawakujua. Na watakuwa wakweli.

Sisi hatuwezi kuapa hivyo.

Mlima wa moto na majivu

Mlima wetu wa mpakani si wa chokaa. Chini kuna miamba mikongwe mno, iliyokunjwa na kupikwa kabla ya mnyama yeyote kutembea juu yake. Juu ya miamba hiyo, sehemu kubwa ya Kitulo na milima inayoizunguka imefunikwa na kazi ya volkano: lava iliyoganda, na majivu. Rungwe, Ngozi na Kyejo ziko jirani tu. Rungwe ililipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita na kumwaga majivu na mawe mepesi eneo kubwa. Kyejo ilitoa lava karibu na mwaka 1800, juzi tu kwa kipimo cha milima.

Majivu hayo ndiyo udongo ule mweusi, mzito, unaowafanya watu wa Matamba kuvuna viazi ambavyo sisi wa mjini tunapigana navyo sokoni kwa lumbesa. Udongo ule na nyasi zake unafanya kazi ya godoro: mvua ya Desemba hadi Aprili inaingia, inakaa, kisha inaachiliwa kidogo kidogo. Ndiyo sababu Oktoba, Usangu ikiwa vumbi na ng'ombe wakihesabika mbavu, mto Chimala bado unashuka.

Na unashuka mchana kweupe. Mkondo unaanza bondeni kwa mtu, unapita shambani kwa mwingine, unakatiza barabara, unaanguka ukutani mbele ya macho ya abiria wa Hamsini na Saba. Hakuna haja ya kumwaga rangi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuufuata kwa kidole kutoka Njombe hadi Mbeya.

Mlima wa chokaa ungetupa kisingizio. Huu umetunyima.

Tangu siku ya pango, swali la mzee limebadilika kichwani mwangu. Mkoa wenye maji unanisumbua kidogo tu siku hizi. Linalonisumbua ni namna mstari uliochorwa ubavuni mwa mlima unavyoweza kumfanya mtu anayeuona mto wote asijisikie kuhusika na nusu yake.

Kinyungu cha shemeji

Nina shemeji Uwanji. Nimtaje hivyo tu, asije akaninyima viazi.

Shamba lake kubwa liko mlimani, lakini kinachomlipia ada ya watoto ni kinyungu, kile kibustani cha bondeni ambako udongo una unyevu hata kiangazi. Viazi vya kinyungu vinatoka wakati wengine hawana, kwa hiyo bei ni nzuri. Kinyungu kiko kando ya mkondo. Mkondo unakwenda Chimala.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mto au bwawa. Kifungu chenyewe, na hili sijalitunga, ni cha 57. Nilipomwambia shemeji kwamba sheria ya mto wake ina namba sawa na barabara yake alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Nikipima mita 60 huku na 60 kule," alisema, "nabaki na nini? Nabaki na mteremko. Nikilima mteremko, mvua inaubeba udongo mpaka Usangu. Sasa wewe mtu wa Mbeya niambie, unataka nikuletee maji kidogo au nikuletee matope?"

Nilimwambia apande miti. Akanionyesha milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani yake, imejipanga bondeni mirefu kama nguzo za umeme, na chini yake kijito ambacho, anasema, utotoni walikuwa wakikiruka kwa kukimbia na sasa wanakipita kwa hatua. Jirani naye alishauriwa apande miti. Hakuna aliyemwambia ni miti gani na ipandwe wapi.

Hapo nilikaa kimya. Siwezi kumwambia mtu aache mlo wa watoto wake ili mpunga wa mtu mwingine, katika mkoa mwingine, ukue vizuri. Wala siwezi kumwambia kwamba mto huo ni wake hadi mwisho wa shamba tu. Nimejaribu kuyatamka yote mawili mbele ya kioo, na yote yananitoka kama hotuba ya mgeni rasmi.

Kuna wanaosema mambo yaliharibika mikoa ilipogawanywa. Njombe ilipata mkoa wake 2012, kabla ya hapo Makete ilikuwa Iringa, na mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya 2016. Sikubaliani nao. Ukuta ule ulikuwa mpaka tangu zamani, Mbeya chini na Iringa juu. Kilichobadilika ni bango la barabarani na ofisi ya kupeleka barua.

Chini nako

Nisingependa msomaji adhani naisema Makete peke yake. Mbarali ina kesi nzito zaidi.

Maji yakishafika tambarare hukutana na mabanio, yale makingio ya kugeuza maji ya mto yaingie mashambani. Kuna ya zege, ya mashamba makubwa, na kuna ya magogo na viroba vya mchanga yaliyowekwa usiku na wakulima wadogo. Kila banio linatoa mfereji, kila mfereji una majaruba, na kila jaruba lina mtu aliyekopa kulima mpunga. Hesabu ya mwisho wanaiona wanyama na watu wa chini zaidi: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Viboko wanabaki wamerundikana kwenye madimbwi.

Lawama zilianza kupanda mto. Umeme ukikatika, Mtera na Kidatu zikanyooshea kidole Usangu. Usangu wakulima wakawanyooshea wafugaji, na mwaka 2006 na 2007 mifugo mingi ikaondolewa kwa operesheni ambayo wengi walioipitia hawaisimulii bila hasira. Mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto haukurudi kuwa kama zamani. Sasa nasikia Usangu wananyooshea kidole Uwanji.

Uwanji wao wamnyooshee nani? Juu yao kuna Kitulo, yenye kilometa za mraba kama 413 za hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua, na juu ya Kitulo kuna mawingu.

Ninavyoona mimi

Nimezunguka vya kutosha, niseme ninachofikiri, na watu wa Mbarali mnivumilie.

Naona wa chini tuwalipe wa juu. Sisemi tuwape shukrani, wala semina yenye chai na maandazi. Nasema fedha. Wenye vibali tayari wanalipa ada ya kutumia maji kwa bodi ya bonde. Sehemu ya ada hiyo ipande Hamsini na Saba na ifike kwenye kijiji chenye kijito, mkononi mwa mtu anayekubali kuacha mita zake 60. Shemeji amenitajia bei ya mavuno ya kinyungu chake kwa mwaka. Ukiigawa kwa magunia ya mpunga yanayonyweshwa na mkondo ule, haitamtoa mtu machozi.

Rafiki yangu mmoja anayejua mambo ya halmashauri ameniambia ni ndoto: fedha ya Mbarali kwenda Makete, yaani kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, itapitia mikono mingi hadi ifike imekuwa kalamu na kofia. Pengine yuko sahihi. Lakini angalia alivyoanza sentensi yake: "kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine." Maji yanafanya safari hiyo kila sekunde na hayajawahi kuombwa muhtasari wa kikao.

Nilimweleza mke wangu wazo hili akiwa anachambua mchele wa Mbarali. Akauliza kama na yeye, kwa kuwa ni wa Uwanji, atalipwa. Nikamwambia yeye alishavuka mpaka.

Sasa nataka kwenda kusimama pale kwenye nyasi za Kitulo, mahali maji yanapoachana, nione kama mgawanyiko huo unaonekana kwa jicho au ni wa ramani tu. Shemeji anasema nisubiri Juni, tope la barabara likauke. Juni kuna jalidi asubuhi na maua yamekwisha, na nikienda kavu sitaona kijito kipi kinaelekea wapi. Nimemwambia nakuja Februari, mvua ikiwa inanyesha. Ameniuliza saizi ya buti.